Kubuni paneli ya sintesaiza: kutoka karatasi hadi alumini

Mwaka 1983 Yamaha walitoa DX7, sintesaiza yenye osileta (vizalishaji vya mawimbi ya sauti) 6 kwa kila sauti, mipangilio 32 ya kuziunganisha, na vigezo zaidi ya mia moja vya kurekebishwa. Mpigaji alipewa slaida moja, vitufe bapa na skrini ndogo ya mistari miwili ili avifikie vyote hivyo. Sauti zake zilijaa redioni dunia nzima, lakini wengi walioinunua walibaki na sauti za kiwandani, kwa sababu kutengeneza sauti mpya kulidai uvumilivu ambao mwanamuziki mwenye kazi za kumaliza hana. Miaka 13 kabla yake, Minimoog Model D ilikuwa na vigezo vichache sana, kila kimoja na nobu au swichi yake, na mtu aliyeigusa kwa mara ya kwanza aliweza kupata besi nzuri bila kufungua kitabu cha maelezo.

Paneli ndiyo inayoamua kama sintesaiza itapigwa au itawekwa kabatini. Kanuni ya mwongozo huu ni moja: mkono usilazimike kuliuliza jicho, na jicho lisilazimike kuiuliza menyu. Mfano tutakaoufuata ni sintesaiza inayotoa noti moja kwa wakati, yenye osileta 2, chanzo cha kelele, filta 1 (inayokata baadhi ya masafa), envelopu 2 (zinazopanga sauti ipande na kushuka vipi kwa muda) na LFO 1 (osileta ya polepole ya kutikisa vigezo vingine), ikiendeshwa na Teensy 4.1, bodi ndogo ya maikrokontrola. Ukitumia maikrokontrola nyingine, badilisha namba za volti na pini tu.

Hatua ya 1: Andika vigezo vyote, kisha vipange kwa haki ya nobu

Chukua karatasi uandike kila kitu kinachoweza kubadilishwa. Usichague bado. Ukimaliza, jiulize swali moja kwa kila kigezo: je, mpigaji atataka kukigusa noti ikiwa inalia? Ikiwa jibu ni ndiyo, kipate nobu yake peke yake. Ikiwa ataligusa jambo hilo wakati wa kutengeneza sauti tu, swichi au kitufe kinatosha. Ikiwa ataligusa mara moja kwa mwezi, kama vile chaneli ya MIDI (lugha ambayo ala za kielektroniki huwasiliana kwayo) au tuni kuu, liende kwenye menyu.

Kwa mfano wetu matokeo ni haya:

- Nobu 20: kupishanisha tuni ya osileta ya pili, upana wa palsi, viwango 3 vya miksa, katofu (masafa ambapo filta inaanza kukata), rezonansi (mkazo wa filta hapo hapo), kiasi cha envelopu kwenye filta, nobu 4 kwa kila envelopu: mwanzo, kushuka, kudumisha na kuachia (jumla 8), kasi na kina cha LFO, utelezi wa noti, na sauti kuu.
- Swichi 7: aina ya wimbi kwa kila osileta, oktavu kwa kila osileta, wimbi la LFO, LFO inaelekea wapi, na filta kufuata kinanda.
- Skrini 1, enkoda 1 (nobu inayozunguka bila mwisho) na vitufe 2 kwa ajili ya preseti (sauti zilizohifadhiwa) na menyu.

Kosa la kawaida hapa ni kubana. Mbunifu anaona nobu 8 za envelopu ni nyingi, anaweka 4 pamoja na kitufe cha kuchagua kati ya envelopu ya filta na ya sauti. Ameokoa poti 4 (vipande vya umeme vilivyo chini ya nobu) za bei ndogo, lakini sasa nobu hazionyeshi tena hali halisi ya envelopu yoyote, na mpigaji atazungusha ile isiyohusika katikati ya wimbo. Kama nafasi au fedha haitoshi, ni heri kuondoa kigezo chenyewe. Roland Juno-106 ya mwaka 1984 ina envelopu moja tu inayotumikia filta na sauti, na watu bado wanaitafuta hadi leo.

Orodha hii pia ibebe muziki utakaopigwa. Mpigaji wa taarab anayetaka kwenda na udi na ala ya nyuzi iitwayo kanuni anahitaji robo toni: maqam (mpangilio wa noti wa muziki wa Kiarabu) Rast ikianzia Do huhitaji Mi na Si zilizoshushwa nusu ya nusu toni, yaani senti 50. Maqam hubadilika katikati ya wimbo, kwa hiyo kuficha jambo hilo ndani ya menyu ni kulifuta kabisa. Suluhisho ni vitufe 12 vidogo vilivyopangwa kwa umbo la oktavu moja ya kinanda, kila kimoja kikishusha noti yake kwa senti 50 na kuwasha taa yake. Kwa mtengenezaji wa singeli, ambaye kasi yake hupita mapigo 200 kwa dakika, kinachohitajika ni kingine: sikwensa (sehemu inayopiga yenyewe noti zilizopangwa) isiyogota kwenye 200, na envelopu zinazodhibitika vizuri katika muda mfupi. Kwenye mapigo 200, noti moja ya kumi na sita ina milisekunde (ms) 75 tu; kwenye 300 ina ms 50.

Hatua ya 2: Panga kwa njia ya sauti

Sauti itoke kushoto kwenda kulia, kama inavyotiririka ndani ya chombo: osileta, miksa, filta, envelopu, toleo. Minimoog ilifanya hivyo, Juno ikafanya hivyo, na anayejua kimoja anaweza kusoma kingine. Usibuni mpangilio mpya kwa ajili ya upekee. Upekee uweke kwenye sauti.

Makundi yatenganishwe na nafasi kuliko mistari. Ndani ya kundi, acha mm 22 kutoka katikati ya nobu moja hadi katikati ya nyingine. Kati ya kundi na kundi acha mm 32. Nobu zenye kipenyo cha mm 12 hadi 14 zitaacha pengo la mm 8 hadi 10 kwa ajili ya vidole. Ukishuka chini ya mm 18 kati ya vitovu, kidole cha shahada kitaigusa nobu ya jirani kila unapozungusha haraka.

Hesabu ya mfano wetu: osileta safu wima 2, miksa 1, filta 2, envelopu 4, LFO 2, toleo 1. Jumla safu 12 katika makundi 6. Nafasi za ndani ya makundi ni 6, sawa na mm 132. Nafasi kati ya makundi ni 5, sawa na mm 160. Ongeza ukingo wa mm 20 kila upande, upana unakuwa mm 332. Safu mlalo 3 zenye mm 30 kati yake, pamoja na kingo za mm 25 juu na chini, zinatoa kimo cha mm 110. Envelopu zinachukua safu mlalo mbili za chini, kwa hiyo juu yake inabaki nafasi ya skrini, enkoda na vitufe.

Nobu ya katofu iwe kubwa kuliko zote, kipenyo mm 20 au zaidi, na isogezwe mbali kidogo na jirani zake. Ndiyo inayoguswa zaidi, na mkono unapaswa kuipata gizani kwa ukubwa wake. Nobu ya sauti kuu ikae mwisho kulia, peke yake.

Hatua ya 3: Chagua kifaa kinacholingana na kazi

Poti ya kawaida huzunguka nyuzi 300 hivi na inaonyesha ilipo kwa mstari wa nobu. Faida hiyo haina mbadala: unaangalia paneli na unaisoma sauti. Kasoro yake ni kwamba ukiita preseti, nobu inabaki ilipokuwa huku kigezo kimehama. Tutalirudia hilo kwenye hatua ya 7.

Enkoda haina mwanzo wala mwisho, kwa hiyo haigongani na preseti, lakini haikuonyeshi chochote hadi uizungushie taa au skrini. Enkoda nyingi za aina ya EC11 hutoa palsi 20 kwa mzunguko. Kigezo chenye thamani 128 kitahitaji mizunguko zaidi ya 6 ukihesabu palsi moja kwa thamani moja, na mpigaji atachoka. Weka mchapuko: ikiwa vituo viwili vimepita ndani ya ms 30, zidisha hatua kwa 4. Pia soma hali zote nne za pini mbili kwa jedwali, usitegemee kukatiza (interrupt) kwa pini moja, maana miguso ya ndani hurukaruka na namba itarudi nyuma wakati unasonga mbele. Angalia kama enkoda yako hutoa mabadiliko 4 au 2 kwa kila kituo. Ukikosea hapo, kila kituo kitaruka thamani mbili au kitahitaji kusukumwa mara mbili.

Slaida zinafaa envelopu kwa sababu zikisimama nne pamoja, vimo vyake vinaonekana kwa mtazamo mmoja. Zina adui mmoja, vumbi. Mwanya wake uko wazi juu, na katika chombo kinachosafiri kwenye barabara za vumbi poti za kuzunguka hudumu zaidi. Kwa mfano huu tunabaki na nobu.

Kwa chaguo la vitu 3 au 4 tumia swichi yenye vituo vinavyosikika kidoleni. Kitufe kimoja cha kupitisha wimbi la 1, 2, 3, 4 kisha kurudi 1 ni rahisi kujenga lakini kina ubaya wake: ili urudi wimbi moja nyuma lazima upitie yote mengine, na hadhira itayasikia.

Hatua ya 4: Jenga paneli ya karatasi uijaribu kabla ya kununua chochote

Chora paneli kwa vipimo halisi kwenye Inkscape au programu nyingine ya mistari. Chapisha kwa asilimia 100. Programu nyingi za kuchapisha hupunguza mchoro ili utoshe karatasi bila kukuambia, kwa hiyo chora mstari wa mm 100 pembeni uupime kwa rula baada ya kuchapisha. Paneli yetu ya mm 332 haitoshi hata upande mrefu wa A4, ambao ni mm 297. Tumia A3 au unganisha kurasa mbili.

Bandika mchoro kwenye kadibodi nene, toboa matundu, upachike nobu halisi juu ya poti zisizounganishwa. Sasa mpe mtu anayepiga kinanda na ambaye hajaiona, umpe kazi bila maelezo: fupisha besi, fanya sauti iingie polepole, punguza osileta ya pili, weka mtetemo kwenye filta, rudisha kila kitu kilivyokuwa. Usimsaidie. Angalia mkono wake: unakwenda moja kwa moja, unasita, au unarudi? Kila mahali mkono uliposita pawekee alama. Watu watatu hadi watano wanatosha kufichua makosa makubwa, kwa sababu makosa hayo hujirudia kwa karibu kila mtu.

Matokeo yanayojitokeza mara nyingi ni mawili. La kwanza, watu huchanganya envelopu ya filta na ya sauti kwa kuwa zinafanana. Tofautisha rangi za kofia za nobu au mstari wa chini yake. La pili, lebo zilizoandikwa chini ya nobu hufunikwa na mkono. Andika juu ya nobu.

Hatua ya 5: Nyaya na usomaji wa poti

Mahitaji ya umeme ya paneli hii:

- Poti 19 za 10 kΩ zenye mkunjo wa mstari, alama B10K. Ile ya 20, sauti kuu, inakata sauti yenyewe kwenye toleo na haisomwi na maikrokontrola.
- Multipleksa 2 za CD74HC4067 (vipande vinavyopitisha njia moja moja kwa zamu), kila moja ikiwa na njia 16.
- Kapasita 26 za 100 nF, moja kwa kila poti na swichi.
- Rezista za 1 kΩ kwa ngazi za swichi, na 100 kΩ moja kwa kila swichi.

Teensy 4.1 inafanya kazi kwa volti 3.3 na pini zake hazivumilii volti 5. Ncha za nje za kila poti ziende kwenye 3.3 V na ardhi. Ncha ya kati iende kwenye multipleksa. Multipleksa zote mbili zishiriki pini 4 za kuchagua njia, na kila moja iwe na pini yake ya analogi. Kwa pini 6 unasoma vitu 32. Poti na swichi zinachukua 26, zinabaki 6 kwa gurudumu la kupinda noti, gurudumu la mtetemo na pedali.

Kapasita ya 100 nF iwekwe kwenye ncha ya kati ya poti, kabla ya multipleksa. Wengi huiweka moja tu baada ya multipleksa ili kuokoa vipande, na matokeo yake ni ya kutatanisha: kapasita inashikilia volti ya njia iliyopita, na ukizungusha katofu unaona rezonansi nayo inasogea. Hata ikiwa mahali sahihi, subiri mikrosekunde 10 baada ya kubadili njia ndipo usome.

Usinunue poti za A, zile za mkunjo wa logi, kwa vigezo vinavyosomwa na programu. Mkunjo wake hutofautiana kati ya kipande na kipande. Nunua za mstari, mkunjo uufanye kwenye programu.

Swichi ya vituo 4 isomwe kama poti: rezista tatu za 1 kΩ mfululizo kati ya 3.3 V na ardhi zinakupa 0, 1.1, 2.2 na 3.3 V. Swichi inapohama kati ya vituo, waya unabaki hewani kwa muda mfupi, ndiyo maana ya 100 kΩ kwenda ardhini. Kubali kituo kipya pale tu usomaji umetulia kwa ms 20, la sivyo kila ukibadili wimbi litasikika la kwanza likipita.

Hatua ya 6: Programu inayogeuza mzunguko kuwa muziki

Hapa ndipo paneli nyingi nzuri kwa macho huharibika. Poti imefungwa vizuri, lebo imechapishwa, lakini robo tatu ya mzunguko haifanyi kitu na robo iliyobaki inafanya vyote.

Anza na usomaji safi. Soma kwa biti 12, upate thamani 0 hadi 4095. Lainisha kwa fomula ya kawaida: thamani mpya ni ya zamani jumlisha tofauti mara 0.1. Kisha weka ukingo wa kupuuza: usitume badiliko hadi lizidi hatua 6. Bila ukingo huo namba za mwisho zitacheza zenyewe, skrini itawaka bila kuguswa na MIDI itajaa ujumbe usio na maana. Poti karibu hazifiki 0 na 4095 kamili, kwa hiyo hesabu chochote chini ya 20 kuwa 0 na juu ya 4075 kuwa mwisho. Nobu ya kupishanisha tuni inahitaji eneo tulivu katikati: hatua 40 kila upande wa 2048 zihesabiwe kuwa sifuri, na uzitoe kwenye hesabu ya pande zote mbili ili thamani isiruke unapotoka eneo hilo.

Sasa mkunjo. Sikio husikia masafa kwa uwiano, yaani kwa oktavu. Ukipanga katofu kwa mstari kutoka Hz 20 hadi Hz 20,000, sehemu ya kumi ya kwanza ya mzunguko inabeba oktavu zaidi ya 6 kati ya karibu 10 zilizopo. Mpigaji atakuwa anapima milimita. Tumia fomula hii, ambapo x ni nafasi ya nobu kutoka 0 hadi 1:

f = 20 × 1000^x

Katikati inaangukia Hz 632 na kila sehemu ya mzunguko inabeba oktavu sawa. Kwa muda wa envelopu, kutoka ms 1 hadi sekunde 10, tumia t = 1 × 10000^x. Nusu ya mzunguko ni ms 100, na kati ya robo na nusu unapata ms 10 hadi 100, ambapo ngoma na besi za haraka zinaishi. Hapo mtengenezaji wa singeli ana robo nzima ya mzunguko ya kuchezea.

Kiwango cha kudumisha, yaani ile hatua ya tatu ya envelopu, si muda. Mara nyingi wabunifu hunakili fomula moja kwa nobu zote nne na hiyo moja inakaa vibaya. Ipe mstari wa desibeli au mkunjo mdogo wa x², ujaribu kwa sikio.

Ukituma nobu kwa MIDI, kumbuka ujumbe wa kawaida una thamani 128 tu, 0 hadi 127. Kwa oktavu 10 za katofu, kila hatua ni karibu nusu toni moja, na ukizungusha polepole rezonansi ikiwa juu utasikia ngazi. Ndani ya chombo tumia biti 12 moja kwa moja na ulainishe kwa kila sampuli. Kwa nje, tumia namba zilizozoeleka ili programu za kompyuta zikutambue: 74 kwa katofu, 71 kwa rezonansi, 73 kwa mwanzo wa envelopu, 72 kwa kuachia.

Hatua ya 7: Preseti na nobu zisizolingana

Prophet-5, sintesaiza ya mwaka 1978, iliwapa wapigaji uwezo wa kuhifadhi sauti nzima na kuiita kwa kitufe. Pamoja na zawadi hiyo likaja tatizo ambalo kila mbunifu bado analikabili: nobu ya katofu imeelekea juu, preseti inasema chini. Mpigaji akiigusa, nini kitokee?

Njia ziko tatu. Kigezo kinaweza kuruka papo hapo hadi nobu ilipo. Ni rahisi na ni wazi, lakini jukwaani filta itafunguka ghafla. Njia ya pili ni kusubiri: nobu haifanyi kitu hadi ipite kwenye thamani iliyohifadhiwa, ndipo ishike. Ni salama, ila mpigaji asiyejua atadhani nobu imekufa. Ya tatu ni kusogea kwa uwiano: ukizungusha juu, kigezo kinapanda kwa kiasi kinachotosha ili vyote viwili vifike mwisho pamoja. Hakuna mruko na hakuna ukimya, lakini mstari wa nobu unadanganya hadi ufike ukingoni.

Kwa sintesaiza ya jukwaani chagua ya tatu kwa katofu na viwango vya miksa, na ya pili kwa envelopu na tuni. Unapotumia ya pili, skrini ionyeshe thamani iliyohifadhiwa na mshale wa upande wa kuzungushia. Bila mshale huo usiitumie. Sauti kuu isihifadhiwe kwenye preseti kabisa. Mhandisi wa sauti wa ukumbini atakushukuru.

Ongeza kitufe kinachosema: puuza preseti, soma paneli ilivyo. Juno-106 ina kitufe hicho. Anayejifunza anakibonyeza na mara moja anachokiona ndicho anachokisikia.

Kuhifadhi kuwe na hatua mbili, kubonyeza kisha kushikilia kwa sekunde 1, na skrini ionyeshe jina la sauti itakayofutwa. Kufuta preseti ya mtu kwa bahati mbaya ni kosa ambalo hatalisamehe.

Hatua ya 8: Skrini

Skrini ndogo ya OLED yenye SSD1306, pikseli 128 kwa 64, inatosha. Iunganishe kwa SPI, njia ya haraka ya mawasiliano kati ya vipande. Ukiiunganisha kwa I2C, njia ya polepole zaidi, ya kHz 400, picha nzima ni baiti 1024, na pamoja na biti za uthibitisho hiyo ni zaidi ya ms 23 kwa kila picha. Kwenye Teensy sauti yenyewe haitakatika, kwa kuwa inatengenezwa nje ya kitanzi kikuu, lakini nobu zitasomwa kwa kuchelewa na mkono utahisi uzito. Skrini hizi pia hutia mlio mwembamba kwenye sauti zikishiriki waya wa umeme na toleo. Zipe waya wake wa ardhi hadi chanzo cha umeme, na kapasita ya 100 µF karibu nayo.

Nobu ikiguswa, skrini ionyeshe jina na thamani yake kwa herufi kubwa kwa sekunde moja na nusu, kisha irudi kwenye jina la preseti. Thamani iwe ya maana: Hz 632, ms 100, senti −7. Namba 64 haimwambii mtu kitu. Menyu isizidi ngazi mbili.

Kama utaweka kitufe cha kazi ya pili, kiwe kimoja, na kila kazi ya pili ichapishwe kwenye paneli kwa rangi yake. Kazi isiyoandikwa inasahaulika na hata aliyeibuni.

Hatua ya 9: Taa, herufi na rangi

Herufi kubwa zenye kimo cha mm 2.5 zinasomeka kwa umbali wa mkono. Chini ya mm 2 hazisomeki kwenye mwanga wa jukwaa. Nyeupe juu ya nyeusi isiyong'aa ni chaguo la salama. Kijivu juu ya nyeusi hupendeza kwenye picha na hupotea ukumbini.

Taa nyekundu inayohitaji volti 2 hivi, kwa mA 2 kutoka 3.3 V, inahitaji rezista ya 680 Ω. Usizidishe, taa kali gizani humfanya mpigaji asione lebo za jirani. Taa ya bluu inahitaji karibu volti 3, na kwa 3.3 V itatofautiana mwangaza kipande kwa kipande, hivyo ilishe kwa volti 5 kupitia transista. Usitofautishe hali mbili kwa nyekundu na kijani peke yake, maana wapo wasioona tofauti hiyo, wengi wao wanaume. Tumia kuwaka na kuzima, au mahali tofauti.

Kwa sikwensa, igeni TR-808, mashine ya ngoma ya mwaka 1980: vitufe 16 mstari mmoja, rangi nne, vinne vinne. Kipimo kizima kinaonekana, na anayehesabu mapigo anajua yuko wapi. TB-303, sintesaiza ya besi iliyotoka punde baadaye, ilitaka noti ziingizwe kwanza na muda wake baadaye, kwa njia mbili tofauti, na wengi hawakuwahi kuizoea.

Hatua ya 10: Alumini na kulehemu

Tumia bamba la alumini la mm 2. Ukitumia mm 3, shingo ya poti ndogo za mm 9 haitaacha uzi wa kutosha kukamata nati. Bandika mchoro juu ya bamba, piga alama ya kila kitovu kwa msumari wa chuma, anza na drili ya mm 3, kisha malizia kwa mm 7.5 kwa shingo ya mm 7. Nafasi hiyo ndogo ya ziada ndiyo itakayokuokoa nobu 20 zikitakiwa kuingia kwa pamoja. Poti nyingi zina ulimi mdogo wa kuzizuia zisizunguke. Kama zinalehemiwa kwenye bodi, ukate kwa koleo.

Mpangilio wa kazi ni muhimu kuliko ustadi wa mkono. Ingiza poti zote kwenye bodi ya saketi bila kulehemu. Weka paneli juu, kaza nati zote kwa mkono, hakikisha shina hazigusi kingo za matundu, ndipo ulehemu. Anayelehemu kwanza hupata poti zilizoinama, na akikaza nati kwa nguvu ili zinyooke, lehemu hupasuka. Miezi michache baadaye nobu inaanza kuruka thamani, na hitilafu hiyo ni ngumu kuipata kwa kuwa inatoweka ukibonyeza paneli.

Kabla ya kufunga sanduku, kagua kwa vitendo. Zungusha kila nobu, isipokuwa ya sauti kuu, mwisho hadi mwisho uangalie skrini inafika chini kabisa na kilele. Shikilia noti uchomoe kebo ya MIDI: kama noti inaendelea kulia, unahitaji njia ya kuinyamazisha, vitufe viwili vikibonyezwa pamoja, ikituma pia ujumbe wa MIDI namba 120 na 123 kwa vyombo vingine. Weka pia urekebishaji wa poti: chombo kikiwashwa enkoda ikiwa imeshikiliwa, mtumiaji azungushe nobu zote mwanzo hadi mwisho, na programu ihifadhi kingo mpya. Poti zitachakaa na zitabadilishwa, na fundi atakayeweka mpya hapaswi kuhitaji msimbo wako ili zifanye kazi.